Wakili Aliyechoka Kunakili

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, ambaye ni wakili, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Tumeichapa kama alivyoisoma.)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya sheria na maendeleo ya teknolojia, tena nisizidi nusu saa. Nimeona kuliko kuwasomea vifungu vya sheria, ambavyo hata mahakamani huwatia watu usingizi, afadhali niwasimulie maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mwanasheria. Matunda ya kazi yake mnayatumia karibu kila wiki, lakini nadhani wengi wenu humu ukumbini hamjapata kulisikia jina lake. Aliitwa Chester Carlson, Mmarekani, na ndiye aliyevumbua njia ya kutoa fotokopi.

Ninayo sababu ya kumchagua yeye. Haupiti mwaka bila mzazi fulani kuja ofisini kwangu na swali lile lile: "Wakili, kijana wangu amehitimu sheria, na sasa anasema anataka kuingia katika mambo ya kompyuta. Je, ile miaka aliyosoma si imepotea bure?" Jibu langu kwa mzazi huyo ndilo nitakalolieleza leo.

Sisi wa rika la zamani twaikumbuka mashine ya stensili. Kabla ya mtihani wa majaribio, karani alipiga chapa stensili neno kwa neno, na akikosea alipaka dawa ya kufutia, akapuliza ikauka, akaendelea. Aliyezungusha mkono wa mashine alitoka na wino hadi viwikoni. Lakini mashine ile ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuweza kunakili karatasi ambayo tayari ipo. Ukiwa na cheti chako mkononi na unataka nakala yake, ilibidi kipigwe chapa upya mwanzo hadi mwisho, kisha zote mbili zipelekwe kwa hakimu au wakili azilinganishe mstari kwa mstari ndipo agonge muhuri. Basi taabu hiyo hiyo ndiyo iliyomkuta Carlson huko New York katika miaka ya 1930.

Tuanze na utoto wake. Alizaliwa mjini Seattle tarehe 8 Februari, 1906. Baba yake alikuwa kinyozi, lakini kifua kikuu na ugonjwa wa viungo vilimwondolea nguvu za kufanya kazi. Familia ilihama huku na huko kutafuta hewa nzuri na maisha nafuu, mwisho ikatua California. Mtoto huyo alianza vibarua akiwa na umri wa miaka minane. Alipofika sekondari, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Mama yake naye alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1923, kijana akiwa na miaka 17.

Pamoja na hayo yote hakuacha kusoma. Alifanya kazi kwa mchapaji mmoja, akapewa mashine kuukuu ya kuchapia kama ujira wake, akajaribu kutoa kijarida cha kemia cha vijana wenzake. Kazi ya kupanga herufi moja moja ilimchosha haraka, lakini tangu hapo swali la namna ya kuzidisha maandishi halikumtoka kichwani. Alipitia chuo kidogo cha Riverside, kisha akaingia katika Taasisi ya Teknolojia ya California, akapata shahada ya fizikia mwaka 1930. Alitoka na cheti mkono mmoja na deni mkono wa pili, tena wakati ambao uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Aliandika barua za kuomba kazi kwa makampuni 82. Vijana wanaohitimu siku hizi na kuzunguka na bahasha zao wataona kwamba hawakuanza wao.

Hatimaye alipata kazi katika maabara ya Bell mjini New York, akahamia idara ya hataza. Hataza, kwa wasiojua, ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi, ikimhakikishia kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine atakayetengeneza au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Mwaka 1933 alipunguzwa kazini. Baada ya kuhangaika alipata nafasi nyingine kama hiyo katika kampuni ya P. R. Mallory, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya umeme. Na kwa kuwa aliona kwamba fizikia peke yake haitamfikisha mbali katika idara hiyo, alijiandikisha mwaka 1936 kusoma sheria jioni katika New York Law School. Mchana ofisini, jioni darasani. Alihitimu mwaka 1939, na mwaka uliofuata akakubaliwa kuwa wakili.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Vitabu vya sheria vilikuwa ghali asivyoweza kununua. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili alikaa katika maktaba ya jiji la New York akinakili kurasa kwa mkono, saa baada ya saa. Macho yake yalikuwa hafifu, na ugonjwa wa viungo ulikuwa umeanza kumshika mgongoni. Ofisini nako mambo yalikuwa yale yale. Kila ombi la hataza lilihitaji nakala nyingi za maelezo na michoro. Maelezo yalipigwa chapa kwa karatasi za kaboni, nazo hazikutosha kamwe. Michoro ilipelekwa kupigwa picha kwa mafundi wa nje, ikachukua muda na fedha. Maelfu ya makarani na mawakili waliipata taabu hiyo wakaizoea. Carlson hakuizoea.

Alirudi katika maktaba ile ile, safari hii kusoma habari za fizikia. Aliamua kuiacha njia ya kupiga picha kwa dawa za majimaji, akijua kwamba makampuni makubwa yenye maabara yalikuwa yameshaichimba. Akakutana na maandishi ya mwanafizikia wa Hungaria, Pál Selényi, juu ya kuchora picha kwa chaji za umeme. Akaunganisha na jambo lingine alilolijua: kwamba viko vitu ambavyo gizani havipitishi umeme, lakini vikimulikwa hupitisha.

Nataka vijana wa sayansi waelewe wazo lenyewe, maana ni rahisi. Mmewahi kusugua kalamu ya plastiki kichwani, kisha ikavuta vipande vidogo vya karatasi. Huo ni umeme tuli. Sasa chukua bamba lililopakwa kitu cha aina niliyoitaja, ulitie umeme huo gizani. Limulike kwa mwanga uliopita katika maandishi. Palipopigwa na mwanga umeme hukimbia. Palipo na kivuli cha herufi umeme hubaki. Nyunyiza unga: utanata penye herufi tu. Gandamiza karatasi, unga uhamie huko, ipashe moto ushike. Nakala tayari, wala hapana tone la wino.

Mnaweza kuona jinsi mwanasheria alivyotangulia mvumbuzi. Carlson alipeleka ombi lake la kwanza la hataza mwezi Oktoba 1937, kabla hajafanikiwa kutoa nakala hata moja! Baada ya hapo ndipo alipoingia katika majaribio, akichemsha salfa katika jiko la nyumbani, jirani wakilalamikia harufu ya mayai yaliyooza. Mwaka 1938 alikodi chumba kidogo mtaa wa Astoria, akamwajiri Otto Kornei, mwanafizikia mkimbizi kutoka Austria. Tarehe 22 Oktoba, 1938, walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa ili kulitia umeme. Wakaandika kwa wino juu ya kipande cha kioo tarehe ile na neno "Astoria", wakakiweka juu ya bamba na kulimulika kwa taa kwa sekunde chache. Walipoondoa kioo wakanyunyiza unga laini wa mmea uitwao likopodiamu, wakapuliza. Maandishi yalibaki. Wakayahamisha kwenye karatasi ya nta. Ndiyo nakala ya kwanza ya namna hiyo duniani.

Mtu angedhani kwamba kesho yake matajiri walipanga foleni mlangoni. La hasha. Kornei mwenyewe hakuona mbele, akaenda kutafuta kazi kwingine. Kati ya mwaka 1939 na 1944 Carlson alibisha hodi kwa makampuni zaidi ya 20, na yote yalimkataa, yakiwamo majina makubwa kama IBM na General Electric. Wengine walisema karatasi ya kaboni inatosha. Wengine walitazama bamba na ule unga wake, wakaona mchezo wa watoto. Naye kila jioni alirudi nyumbani na kibegi chake. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1945. Silitaji hili kwa kumhukumu. Nalitaja kwa sababu tunaposimulia habari za waliofanikiwa huwa twaruka kurasa za namna hii, na kijana akizifikia katika maisha yake mwenyewe hudhani amepotea njia.

Ni kitu gani kilichomweka hai katika miaka hiyo? Ni ile kazi yake ya uwakili. Ilimpa chakula, kwa hiyo hakulazimika kuuza uvumbuzi wake kwa bei ya njaa. Ilimpa karatasi: hataza yake kuu ilitolewa tarehe 6 Oktoba, 1942, kwa hiyo aliweza kuonesha uvumbuzi wake kwa kampuni yoyote bila hofu ya kunyang'anywa. Na ilimpa bahati pia. Mwaka 1944 mhandisi mmoja wa taasisi ya utafiti ya Battelle, ya Columbus, jimbo la Ohio, alifika katika ofisi ya Mallory kwa shughuli za hataza. Walipomaliza ya ofisi, Carlson akamweleza ya kwake. Battelle wakakubali kuendeleza utafiti, kwa mkataba ambao ulimwachia Carlson sehemu isiyofika nusu ya mapato. Wako watakaosema alipunjwa. Mimi kama wakili nasema alijua anachofanya. Peke yake, bila maabara, angebaki na kitu chote ambacho hakina bei.

Kampuni iliyokubali hatimaye haikuwa kubwa. Iliitwa Haloid, ya mji wa Rochester, ikitengeneza karatasi za picha; nayo ilianzishwa mwaka ule ule wa 1906 aliozaliwa Carlson. Kiongozi wake, Joseph Wilson, aliona kwamba biashara ya zamani inafifia. Mwaka 1947 wakapata leseni. Tarehe 22 Oktoba, 1948, miaka kumi kamili tangu siku ile ya Astoria, uvumbuzi ulitangazwa hadharani kwa jina jipya lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya maandishi makavu: zerografia. Mashine yao ya kwanza, ya mwaka 1949, ilikuwa na hatua nyingi za kufanywa kwa mkono, na ofisi hazikuipenda. Ikaponea kwa wachapaji, walioitumia kutayarisha mabamba ya kuchapia.

Tarehe 16 Septemba, 1959, kampuni, ambayo wakati huo ilikwisha jiita Haloid Xerox, ilionesha mjini New York mashine iliyoitwa 914. Zililetwa mbili, na moja ikashika moto mbele ya wageni! Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na hata ilipoanza kupelekwa kwa wateja mwaka 1960 iliandamana na kizima moto. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ajabu: weka karatasi, bonyeza, chukua nakala. Na kwa kuwa wachache wangemudu kuinunua, kampuni iliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 za kwanza zikiwa ndani ya bei hiyo. Mwaka 1961 kampuni ikawa Xerox, na kufikia mwaka 1968 mauzo yake ya mwaka yalikuwa yamepita dola bilioni moja.

Sasa naomba mawakili wenzangu wafanye hesabu pamoja nami. Hataza za Marekani wakati huo zilidumu miaka 17 tangu zilipotolewa. Hataza kuu ya Carlson ilitolewa Oktoba 1942. Kwa hiyo muda wake uliisha Oktoba 1959, wiki tatu tu baada ya mashine kuoneshwa! Kama angetegemea karatasi ile moja, angekaa mlangoni akiwatazama wengine wakila. Lakini yeye, Battelle na Haloid walikuwa miaka yote hiyo wakiandikisha hataza nyingine kwa kila hatua iliyoboreshwa, na mikataba ilikuwa imekwisha sainiwa. Hiyo ndiyo kazi isiyoonekana ya mwanasheria. Hakuna anayeipiga picha.

Carlson akawa tajiri akiwa na umri wa mtu anayejiandaa kustaafu. Akafanya nini? Aliendelea kuishi kwa kiasi, akaanza kugawa mali yake kwa shule, vyuo, na watu waliotetea amani na haki, mara nyingi akitaka jina lake lisitajwe. Jumla ya alivyotoa inakadiriwa kukaribia dola milioni 100. Alifariki ghafla mjini New York tarehe 19 Septemba, 1968, akiwa na miaka 62. Msingi wa uvumbuzi wake haukufa. Katika kampuni hiyo hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Gary Starkweather aliuunganisha na mwanga wa leza, ikatoka printa ya leza kama zile zilizo katika ofisi nyingi leo.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzazi wangu anayesema miaka ya sheria imepotea, jibu lake ni hili. Carlson hakuitupa sheria ili aende kwenye teknolojia. Sheria ndiyo iliyomwonesha taabu, ikamlisha wakati wa kusubiri, na ikamlindia alichokipata. Fizikia bila sheria ingemletea nakala moja ya karatasi ya nta. Sheria bila fizikia ingempatia pensheni. Kijana abebe vyote viwili.

Lakini siwezi kuketi kabla ya kurudi nyumbani. Hapa Tanzania Bara hataza husajiliwa BRELA, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1987, na nchi yetu imo katika mpango wa ARIPO uliotiwa saini Harare mwaka 1982, ambao huwezesha ombi moja kufika nchi kadhaa za Afrika. Milango iko wazi. Wanaopita ni wachache. Kijana hubuni mashine ya kupukuchua mahindi, akaipeleka kwenye maonesho, akapigiwa makofi, akarudi na cheti cha ushiriki. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, na kwamba kitu kikishatangazwa ovyo upya huo waweza kupotea. Kwa hiyo vijana, nawapa nasaha mbili za bure. Andikeni kazi zenu katika daftari lenye tarehe, shahidi atie saini. Na kabla ya kwenda kwenye maonesho, ulizeni kwanza.

Liko na jambo la pili, na hili ndilo lililonileta hasa. Katika kila darasa la shule hii yuko Carlson mmoja. Anasinzia kipindi cha saba kwa sababu wikiendi nzima alikuwa kibaruani, na ada yake haijakamilika kwa sababu anamuuguza mzazi. Walimu wanamjua, na sisi tukiuliza tutamjua. Yule wa California aliponea chupuchupu. Wa kwetu hatuna haja ya kumwachia bahati.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaingie katika kumbukumbu za mkutano huu. Kwanza, sisi mawakili wa Chama hiki, ambao kwa hesabu yangu tuko kumi na mmoja, tupokezane zamu ili kila muhula mmoja wetu aje hapa alasiri moja kuwasaidia bila malipo wanafunzi na walimu wenye kazi za ubunifu. Mimi nimejiandikisha zamu ya kwanza. Pili, katika mchango wa mwaka tutenge fungu maalumu kwa wanafunzi wanaotegemewa na familia zao, na Mkuu wa Shule akitoa msaada huo asitaje majina ya wanafunzi wala ya wachangaji.

Nakala za pendekezo hili nimeziacha mezani kwa Katibu, ziko sitini. Zimetolewa hapo dukani nje ya lango la shule, kwa muda usiozidi dakika tano.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.